Bakuli la Mbwa: Liinuliwe au Libaki Sakafuni?

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa wafugaji wa mbwa ni stendi za kuinulia bakuli la chakula. Wauzaji wengi hudai kwamba mbwa anayekula bila kuinamisha kichwa hamezi hewa wala hapatwi na maradhi ya tumbo. Dai hili linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa humgharimu mnunuzi fedha, na kwa baadhi ya mbwa laweza kugharimu uhai.

Namna mbwa anavyokula

Kwa kawaida mbwa hula akiwa amesimama, kichwa kikiwa chini. Meno yake yameumbwa kurarua na kuvunja, si kusaga kama ya ng'ombe; ndiyo maana humeza vipande vikubwa na kumaliza chakula kwa muda mfupi. Mkao huu haumletei madhara mbwa mwenye afya. Wapo pia mbwa wanaopenda kula wakiwa wamelala, bakuli likiwa kati ya miguu ya mbele, na wengine huchukua kipande na kwenda kukila kando. Hizo ni tabia za kawaida.

Linalopaswa kumshtua mfugaji ni badiliko. Mbwa aliyezoea kula amesimama akianza ghafla kulala, kuangusha chakula mdomoni au kusogelea bakuli kisha akaliacha, huenda ana maumivu ya meno, shingo au viungo. Apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kununuliwa kifaa chochote.

Hatari ya tumbo kujisokota

Maradhi yanayotajwa zaidi katika matangazo ya stendi ni yale ambayo tumbo hujaa gesi, likavimba na kujisokota. Tumbo likishajisokota, gesi haipati pa kutokea na damu haizunguki ipasavyo. Mbwa asipotibiwa upesi aweza kufa katika muda wa saa chache. Walio hatarini zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini, kama vile Great Dane na German Shepherd, ambaye hufugwa sana nchini kwa ulinzi.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya mbwa 1,600 wa aina kubwa na kubwa mno. Walibaini kwamba waliolishwa kwa bakuli lililoinuliwa walipatwa na maradhi haya zaidi, wala si kidogo. Umri mkubwa, kula kwa haraka, na kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kuugua vilihusishwa pia na hatari hiyo. Si kila utafiti uliofuata uliothibitisha uhusiano wa bakuli na maradhi haya. Hata hivyo, kutothibitishwa kwa madhara si uthibitisho wa kinga. Kwa hiyo, mwenye mbwa mkubwa asiye na tatizo jingine la kiafya twamshauri aliache bakuli sakafuni.

Dalili za kutambua ni hizi: mbwa hujaribu kutapika bila kutoa kitu, hudondosha mate mengi, hahangaiki kidogo bali hushindwa kabisa kutulia, na tumbo huvimba na kuwa gumu. Usimpe mafuta, maziwa wala dawa ya kienyeji, na usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, kwani tumbo lililojisokota hurudishwa kwa upasuaji.

Mbwa wanaohitaji bakuli la juu

Haifai kusema kwamba stendi haina kazi. Mbwa mzee mwenye ugonjwa wa viungo, au aliyeumia shingo, aweza kupata nafuu bakuli likiinuliwa kiasi. Wapo pia mbwa ambao umio wao umelegea na kupanuka, chakula kikashindwa kushuka tumboni. Hawa hulishwa wakiwa wima, tena huzuiwa katika mkao huo kwa muda baada ya kula, ili chakula kishuke kwa uzito wake. Katika hali zote hizi, uamuzi ni wa daktari aliyempima mbwa, si wa tangazo.

Kabla ya kununua

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na taarifa za kumwezesha kunufaika nazo. Muuzaji akikuambia kwamba stendi huzuia maradhi, mwulize dai hilo limethibitishwa wapi. Hifadhi risiti pamoja na tangazo lililokushawishi.

Kwa walio wengi, hatua zifuatazo hazihitaji stendi:

- Gawa chakula cha siku katika milo miwili au zaidi, badala ya mlo mmoja mkubwa.
- Mbwa anayekula kwa pupa, mtandazie chakula kwenye sinia pana, au weka ndani ya bakuli jiwe kubwa safi asiloweza kulimeza.
- Mpumzishe baada ya kula kabla ya kumkimbiza au kumchezesha.
- Ukiwa na mbwa wengi, walishe mbalimbali, kwani ushindani huwafanya wameze kwa haraka zaidi.
- Chagua bakuli la chuma kisichoshika kutu, na ulioshe kwa sabuni kila baada ya mlo. Bakuli la plastiki likikwaruzika hushika uchafu.

Mbwa anapokula, aachwe

Mbwa anayelinda chakula hukakamaa, huongeza kasi ya kula na kunguruma. Mngurumo ni onyo. Ukimchapa kwa kunguruma, aweza kujifunza kuuma bila kuonya kwanza. Usimnyang'anye bakuli ili kumwonyesha nani mkubwa, na watoto wafundishwe kutomkaribia mbwa anayekula, hata akiwa wa nyumbani.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo itolewayo mapema, lakini dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Hakikisha pia kwamba mbwa wako anachanjwa kila mwaka. Chanjo hiyo itangulie katika bajeti yako kabla ya stendi yoyote ya bakuli.