Nabongo wa Mumias na Khan wa Kalat

Anayevuka boda ya Malaba na mzigo wake kila asubuhi ni rahisi aamini kwamba mpaka huu ni wa tangu enzi. Sivyo. Hadi Machi 1902, nchi yote hii mpaka Naivasha ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilihamishia upande wa Kenya, na Wateso wa eneo hili wakajikuta huku na kule ya mpaka.

Katika nchi hiyo, kama kwingineko, Waingereza walitawala kupitia wafalme wa wenyeji, na namna hiyo inaonekana vizuri Kalat, dola ya Wabulushi iliyoko Pakistani ya leo. Mwaka 1876 Khan wake, yaani mtawala, alitia saini mkataba na Waingereza kupitia afisa wao Robert Sandeman. Aliachiwa mambo ya ndani. Waingereza wakapata ruhusa ya kuweka jeshi nchini, na ugomvi baina ya Khan na masardari wake, yaani wakuu wa makabila, ukawa unaamuliwa na wao.

Huku kwetu walimkuta Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, ambaye misafara ya pwani ilipumzika kwake ikielekea Buganda. Afisa wa Kiingereza Hobley aliweka kituo cha serikali hapo Mumias mwaka 1895, na mwaka huohuo wapiganaji wa Wanga waliwasaidia Waingereza kuwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu. Jamaa zake na mawakala wake wakatumwa kutawala Wabukusu na Wateso, watu ambao Wanga haikuwahi kuwatawala. Chuki iliyozaliwa hapo ilidumu miaka mingi.

Hapo ndipo Mumia alipotofautiana na Khan: masardari wa Kalat walikuwa wa Khan kabla Mwingereza hajafika. Mamlaka ya Mumia nje ya Wanga yalitoka serikalini, na aliyeyatoa aliweza kuyachukua. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihama Mumias kwenda Kakamega. Mumia alibaki na heshima yake hadi alipofariki mwaka 1949.

Kalat nayo haikunusurika: ilijiunga na Pakistani tarehe 27 Machi 1948, na mwaka 1955 dola ikafutwa. Lakini kabla ya kujiunga, mabaraza yake mawili yalikutana na kukataa muungano huo. Mteso wa Malaba hakuitwa barazani hata siku moja wakati mpaka ulipopitishwa katikati ya ndugu zake. Kwangu mimi hiyo ndiyo dhuluma kubwa zaidi.

Mwalimu wa historia wa Busia, waanzishie wanafunzi wako na tarehe hiyo: 1 Aprili 1902.