Wakala wa Hifadhidata na Hitilafu Zake: Maelezo kwa Mswahili

Makala hii inakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo tunalolitumia kila siku pasi na kuliona: programu inayokaa baina ya watumiaji na hifadhidata, na namna hitilafu zake zinavyosakwa na kurekebishwa. Msukumo wa kuiandika ulitokana na swali la mama yangu. Mwaka jana tulikuwa katika saiba moja mjini Nyansiongo tukimwombea ndugu yangu mdogo msaada wa karo kwenye tovuti ya taasisi fulani. Zilibaki siku mbili tu. Kila tulipobonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ulijibu kwamba miunganisho ya hifadhidata imekwisha. Mama akauliza, "Imekwisha vipi, mwanangu? Kwani ni sukari?" Sikuwa na jibu.

Tuanze na hifadhidata yenyewe. Tuchukue PostgreSQL, ambayo hutumiwa na mifumo mingi, ukiwemo ule wa DHIS2 unaokusanya takwimu za afya nchini Kenya tangu mwaka 2011. Kila mteja anayeunganishwa na PostgreSQL hupewa mchakato wake peke yake ndani ya seva, nao mchakato huo hula kumbukumbu hata mteja akiwa kimya. Kwa kawaida, asipobadilisha mtu, idadi ya juu ya miunganisho ni 100. Anayefika baada ya hapo hukataliwa.

Msomaji aliyelelewa Nyansiongo na akumbuke kituo cha kununulia majani ya chai. Lau kila mkulima angedai mizani yake na karani wake, tangu anapotua mzigo hadi anapomaliza kupiga soga na jirani, kituo kisingetosha hata siku moja. Mizani ni chache, lakini hutosha kwa sababu mkulima hupima, huandikiwa kwa namba yake, kisha humpisha mwenziwe. Programu tunayoizungumzia hufanya vivyo hivyo: hupokea wateja wengi, hushika miunganisho michache ya hifadhidata, na kuwagawia kwa zamu.

Programu hiyo nimeiita wakala. Neno dalali lina harufu ya bei kuongezwa, naye mjumbe hubeba habari tu bila kuamua lolote. Wakala hutenda kwa niaba ya mwingine, na kila Mkenya amemzoea tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Kwa sadfa, PgBouncer, wakala mashuhuri wa PostgreSQL aliyebuniwa na wahandisi wa Skype, alitolewa kwa umma mwezi huo huo. Ama kuhusu makosa ya programu, wapo wanaoyaita wadudu. Mimi napendelea hitilafu. Mdudu huingia kutoka nje, ilhali makosa haya tumeyaandika wenyewe.

Hitilafu iliyowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi katika PgBouncer yafaa kuelezwa kwa utuvu. Ili kuokoa muda, programu inaweza kuituma kauli ya swali mara moja, hifadhidata ikaichanganua na kuipa jina. Baadaye programu hutaja jina hilo tu. Tuiite kauli tayari. Shida ni kwamba jina huhifadhiwa katika muunganisho mmoja, naye wakala anayegawa kwa muamala humpa mteja muunganisho mwingine kila muamala uishapo. Ni kama mkulima anayemwambia karani wa mizani ya pili, "Niandikie kama tulivyoagana," ilhali aliagana na karani wa mizani ya kwanza. Jibu huwa kwamba kauli hiyo haipo. Na wateja wawili wakichagua jina moja katika muunganisho mmoja, wa pili huambiwa kwamba jina limekwisha kutumika.

Ubaya wa hitilafu hii ni kujificha. Katika kompyuta ya mwandishi wa programu mteja huwa mmoja, na wakala kwa kawaida humrudishia muunganisho uleule uliotumika mwisho; basi kila kitu huenda sawa. Siku watu mia wanapofika pamoja ndipo malalamiko huanza. Kwa hiyo anayeisaka asijaribu akiwa peke yake. Aruhusu miunganisho miwili, alete wateja watatu, kisha amwamuru wakala azungushe miunganisho kwa zamu. Hitilafu itajitokeza upesi.

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kuzizima kauli tayari. Toleo la 1.21.0, la Oktoba 2023, ndilo lililompa wakala daftari lake: huandika kila mteja ametayarisha kauli gani, huipa jina lake la ndani, na huitayarisha upya katika muunganisho usioijua. Hata hivyo marekebisho hayo yalizaa kazi nyingine. Mteja akiamuru kauli zake zote zifutwe, daftari nalo lazima lijue. Hilo lilishughulikiwa katika toleo la 1.22.0, Januari 2024.

Utunzaji wa kila siku hauna makuu. Msimamizi husoma batli (neno la manahodha, nami nafurahi limepata kazi mpya), na huangalia ni wateja wangapi wanaosubiri. Akilazimika kuizima hifadhidata, heri amsitishe wakala kwanza: maswali yaliyoanza humalizika, na wateja wapya hungoja mlangoni bila kufukuzwa. Asiahirishe matoleo mapya. Lile la 1.16.1, la Novemba 2021, liliziba mwanya uliomwezesha mvamizi wa njiani kupenyeza amri zake mwanzoni mwa muunganisho uliodhaniwa kuwa salama.

Nilipomweleza Mama kwa mfano wa mizani, hakuniuliza lolote kuhusu PostgreSQL. Alisema tu kwamba basi twende saiba ikifunguliwa, kabla wenzetu hawajaamka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fomu ilipokelewa kwa mbofyo mmoja.