Muziki Uliobaki Kwenye Rili

Mashine ya rili haifichi kazi yake. Gurudumu la kushoto limejaa utepe wa kahawia, la kulia ni tupu. Fundi anavuta ncha ya utepe, anaipitisha mbele ya vichwa vitatu, cha kufutia, cha kurekodia na cha kusikilizia, anaibana kati ya kiroda cha mpira na mhimili mwembamba wa chuma, kisha anaiviringisha mara mbili tatu kwenye gurudumu tupu. Akibonyeza kitufe, yote mawili yanaanza kuzunguka na mishale ya mita inaruka kufuata ngoma.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotumia akiba zao kufufua mitambo ya Studer, Revox na Ampex iliyostaafishwa na vituo vya redio. Kampuni ya Ballfinger ya Ujerumani hata imeunda mpya, na utepe wenyewe bado unatengenezwa Ufaransa na Marekani. Si ushamba wa kupenda vya kale tu. Kaseti ya kawaida hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, juu ya utepe usiofika milimita 4 kwa upana. Rili ya studio hukimbia sentimita 38, na utepe wake una milimita 6.3. Sauti inapata eneo kubwa la kuandikwa, kwa hiyo mvumo wa utepe unapungua na sauti za juu zinasikika wazi zaidi. Gharama yake ni kwamba gurudumu kubwa lenye utepe wa karibu mita 760 linakwisha kwa dakika 33 hivi.

Kwa msikilizaji wa Iringa au Mbeya, hata hivyo, rili ina mvuto mwingine, na pengine huo ndio mzito zaidi.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikakatika. Ikabaki Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo ilirekodi bendi, ikatunza rili na kurusha nyimbo hewani. Nyimbo nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Nakala ya nyumbani ilikuwa ile aliyoinasa mtu mwenyewe kwa redio kaseti, kidole kikiwa juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asiingilie kati ya wimbo.

Iringa inalifahamu hilo kupitia Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukatia almasi mjini humo. Ilitikisa nchi miaka ya 1980 kwa nyimbo kama "Nimemkaribisha Nyoka", ikiwa na waimbaji mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kutoka Iringa hadi studio za RTD Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Wimbo wa bendi ya nyumbani ulirudi nyanda za juu kwa mawimbi ya redio, ukiwa umesindikizwa na mikwaruzo. Mbeya ni mbali zaidi bado. Kwa maneno mengine, watu waliocheza nyimbo hizo kwenye harusi hawakuzisikia sawasawa. Sauti safi ilibaki kwenye utepe.

Wahehe wa Iringa wana historia ndefu zaidi na vinasa sauti. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa asili, ukiwemo ule wa ligombo, ala yao ya nyuzi yenye kibao cha umbo la hori. Maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954 ndiyo inayotunza kazi hiyo mpaka leo.

Tatizo ni kwamba utepe nao huzeeka. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, na baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunata na kuacha uchafu kwenye vichwa. Mafundi huzioka kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa, wanazipiga mara moja na kuzihamishia kwenye kompyuta. Joto lenye unyevu la Dar es Salaam haliwasaidii. Iringa na Mbeya, zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, zina hewa ya ubaridi inayofaa zaidi kutunzia kanda, ingawa vumbi la kiangazi ni adui mwingine.

Anayetaka kununua mashine yake mwenyewe achungulie kwanza kibandiko cha nyuma. Mitambo mingi ya Marekani ilitengenezwa kwa volti 110 hadi 120 na hezi 60. Tanzania inatumia volti 230 na hezi 50. Transfoma itarekebisha volti, haitagusa hezi. Mota za aina fulani hufuata hezi za umeme, hivyo zitazunguka pungufu kwa asilimia 17 na mwimbaji wa sauti nyembamba ataimba kama amepatwa na mafua. Mitambo kadhaa ya Ulaya na Japani ina swichi au puli ya kubadilishia, na Revox A77 ya mwaka 1967 hudhibiti mwendo wake kwa elektroniki. Hiyo ndiyo ya kuanzia kuulizia.