Kinga ya Cheo na Ulimi wa Shahidi

Kila zinapozuka ghasia katika nchi, damu ikamwagika na nyumba zikateketea, waliofiwa huuliza swali moja lililo jepesi kutamkwa na zito kujibiwa: je, mkubwa ambaye fujo zilifanywa kwa jina lake, naye atasimama mbele ya hakimu kama asimamavyo kijana aliyeshika kiberiti? Wengi hudhani ya kuwa kizuizi cha jambo hilo ni kinga, yaani ile ngao ambayo sheria humvika mwenye cheo asishitakiwe muda wote awapo madarakani, na kwa dhana hiyo huamini kwamba ngao ikivuliwa, haki itatendeka. Baada ya kuzifuata kwa miaka mingi kesi za Kenya zilizopelekwa The Hague kwa sababu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, mimi nina yakini ya kuwa sivyo mambo yalivyo. Katika kesi zile ngao ya maandishi ilivuliwa, tena kwa vifungu vilivyo wazi kama mchana, na bado hapana hukumu iliyopatikana. Sababu ni kuwa kesi ya jinai haisimami juu ya vifungu peke yake, bali husimama juu ya ulimi wa shahidi, na shahidi ni binadamu mwenye nyumba, jamaa na hofu.

Yaliyotokea hayajasahauliwa, walakini yafaa kukumbushwa kwa tarehe zake. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 ikatangazwa kuwa Mwai Kibaki ndiye mshindi, akaapishwa siku ile ile giza likiingia, na kabla ya usiku kwisha moto ulikuwa umekwisha washwa katika Kibera, Kisumu na Bonde la Ufa. Siku ya mwaka mpya, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililojaa watu waliokimbilia humo kutafuta salama, wengi wao wanawake na watoto, lilitiwa moto. Na mwisho wa Januari kisasi kikajibu kisasi katika Nakuru na Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na katika hao 405 waliuawa kwa risasi. Mamia ya maelfu walihamishwa makwao. Ghasia zilitulia pale Kibaki na Raila Odinga walipotia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, ila kutulia kwa ghasia ni jambo moja, na kuulizwa kwa waliozipanga ni jambo jingine.

Jaji Waki, aliyezijua vyema tabia za tume katika nchi yetu, tume ambazo ripoti zake aghalabu huishia kabatini, alifanya hekima ambayo naistahi mpaka leo. Alipendekeza iundwe mahakama maalumu ndani ya Kenya. Na kwa kuhofia kuwa pendekezo lake lingepuuzwa, majina ya washukiwa wakuu aliyafunga katika bahasha akamkabidhi Annan, kwa sharti ya kuwa mahakama hiyo isipoundwa, bahasha ipelekwe kwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Februari 2009 Bunge liliukataa mswada wa kuunda mahakama ya nyumbani. Julai mwaka huo bahasha ikasafiri. Tarehe 31 Machi 2010 majaji wa The Hague wakampa Mwendesha Mashtaka huyo, Luis Moreno-Ocampo, ruhusa ya kuanza uchunguzi, na hapo ndipo shauri lilipotoka mikononi mwa Wakenya, baada ya wabunge wao wenyewe kulikataa.

Sasa tuitazame hiyo ngao. Mkataba wa Roma, ulioanzisha mahakama ile na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, wasema katika ibara ya 27 kwamba cheo cha mtu, awe rais, waziri au mbunge, hakimwondolei dhima ya jinai wala hakimpunguzii adhabu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 143, yampa Rais kinga ya kutoshitakiwa kwa jinai awapo ofisini, kisha ibara hiyo hiyo, katika kifungu chake cha nne, yaitoboa kinga hiyo kwa kusema kuwa haifiki kwenye jinai ambayo Rais aweza kushitakiwa chini ya mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia na ambao unaikataza kinga ya namna hiyo. Asomaye vifungu hivi viwili pamoja ataona ya kuwa waandishi wa Katiba, walioandika kumbukumbu za 2008 zikiwa bado mbichi, walikusudia mlango huo ubaki wazi. Na mlango ulipitwa: tarehe 8 Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alifika The Hague, akiwa mkuu wa kwanza wa dola aliye madarakani kuhudhuria mbele ya mahakama ile, baada ya kumkabidhi naibu wake William Ruto ukaimu wa urais kwa muda, ili aende kama mtu binafsi na si kama taifa la Kenya. Heshima hiyo kwa sheria tusimnyime, maana wako wakuu wengine walioitwa na wasiende.

Ugumu ulikuwa katika yale yaliyopasa kuthibitishwa. Kuua ni jinai popote. Lakini ili mauaji yawe uhalifu dhidi ya ubinadamu, na hivyo yaingie katika mamlaka ya The Hague, lazima yawe sehemu ya shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, tena shambulio lifanywe kwa kufuata sera ya dola au ya jumuiya iliyoundwa. Hapa majaji wenyewe hawakuafikiana. Jaji Hans-Peter Kaul wa Ujerumani alishikilia tangu mwanzo kwamba mitandao iliyodaiwa kuendesha ghasia haikuwa na sura ya jumuiya inayokaribia dola, na kwa hiyo maovu yale, hata yakiwa makubwa namna gani, yalikuwa ya mahakama za Kenya. Wenziwe wawili walimpinga, na kura mbili zikashinda moja. Mimi naiona rai ya Kaul kuwa nyembamba mno, kwa sababu anayeweza kukusanya vijana, kuwapa magari, silaha na posho, na kuwaelekeza nyumba za kuchoma, ana nguvu ya kutosha kuangamiza raia hata kama hana bendera. Walakini ilikuwa rai ya mwanasheria mkweli, na iliwapa watetezi hoja ya kushika.

Juu ya hayo pana daraja la pili, lililo gumu kuliko la kwanza. Kiongozi hakushika panga. Mashtaka yalijengwa juu ya ibara ya 25 ya Mkataba, ambayo yamtia hatiani mtu aliyetenda jinai kwa mkono wa watu wengine, na kwa Kenyatta na Ruto ilipasa kuonyeshwa kuwa palikuwa na shauri la pamoja, kwamba mshitakiwa alikuwa na uwezo wa kuwaendesha waliotenda, na kwamba alijua na kukusudia matokeo yake. Haitoshi kuwa fujo zilimfaa. Haitoshi kuwa waliopigana walikuwa wa kabila lake, au kuwa waliliimba jina lake, wala haitoshi kuwa alinyamaza, ijapokuwa kimya cha kiongozi wakati watu wanachinjwa ni jambo la kuhuzunisha. Yahitajiwa mtu wa kusema: nilikuwapo katika nyumba fulani, siku fulani, nikamsikia akisema hivi. Mtu wa kusema hayo aghalabu ni yule aliyekuwa ndani ya shauri lenyewe, na huyo ndiye mwenye mengi ya kuogopa.

Msomaji atauliza ilikuwaje kesi ikubaliwe kisha ianguke. Jawabu ni kuwa mizani ya ushahidi hubadilika kwa daraja. Ili kuanza uchunguzi, msingi wa maana watosha. Ili kuthibitisha mashtaka, zatakiwa sababu za nguvu za kuamini. Ili kumtia mtu hatiani, ni lazima isibaki shaka yoyote ya maana. Desemba 2010 Moreno-Ocampo alitaja watu sita. Tarehe 23 Januari 2012 majaji walithibitisha mashtaka ya wanne, yaani Ruto, mtangazaji Joshua Sang, Kenyatta na Francis Muthaura, wakayakataa ya Henry Kosgey na ya Mohammed Hussein Ali, aliyekuwa Kamishna wa Polisi. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Wale 405 waliouawa kwa risasi ni zaidi ya theluthi ya maiti zote alizozihesabu Waki, na polisi ndio walioshika bunduki. Lakini tangu siku ile hapakuwa tena na mtu mbele ya mahakama ya kimataifa aliyeitwa ajibu kwa ajili ya jeshi la polisi. Katika mijadala yote ya Hague iliyojaza magazeti yetu, jambo hili lilizungumzwa kidogo mno.

Siasa nayo haikukaa kando. Kenyatta na Ruto, waliokuwa pande mbili mwaka 2007, waliungana na kushinda uchaguzi wa Machi 2013. Umoja wa Afrika ukaamua mwezi wa Oktoba kuwa mkuu wa dola asilazimishwe kuhudhuria mahakama awapo madarakani. Na Novemba ombi la kuahirisha kesi likafika katika Baraza la Usalama, likapata kura saba na kupungukiwa na mbili za kulipitisha, wajumbe wanane wakiwa wamejizuia. Kwa hiyo sheria haikusimamishwa na mtu yeyote. Kesi ziliendelea.

Kilichozikausha kesi hizo ni kiu ya ushahidi. Mahakama ile haina askari hata mmoja. Ikitaka hesabu za benki, kumbukumbu za simu au hati za ardhi za mshitakiwa, yapaswa kuziomba kwa serikali ya nchi, na katika shauri la Kenyatta serikali hiyo iliongozwa na mshitakiwa mwenyewe. Sidai, wala mahakama haikusema, ya kuwa yeye aliamuru hati zifichwe; nasema tu kwamba hapa ndipo ilipo kinga ya kweli, isiyoandikwa katika katiba yoyote, nayo ni kuwa mwenye kuchunguzwa na mwenye kushika funguo za ushahidi wamekaa katika nyumba moja. Kesi ya Muthaura iliondolewa Machi 2013, baada ya shahidi mkuu kuonekana kuwa hategemeki. Tarehe 5 Desemba 2014 Fatou Bensouda, aliyemrithi Moreno-Ocampo, akayaondoa mashtaka ya Kenyatta kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na mwaka 2016 majaji wakaipeleka Kenya mbele ya Baraza la nchi wanachama kwa kutotimiza wajibu wa kushirikiana. Insafu yanilazimu kuongeza kuwa ofisi ya mashtaka nayo ilikuwa na taksiri yake kubwa: iliharakia kutaja majina kabla ya kujenga nyumba ya ushahidi, na wataalamu wa nje iliowaalika kuipima kazi hiyo, ambao matokeo yao yalitangazwa 2019, waliikosoa kwa ukali.

Shauri la Ruto na Sang ndilo lenye mafunzo mengi kwa mwanasheria. Lilianza kusikilizwa Septemba 2013, na mashahidi kadhaa wakayageuza maneno waliyoyaandikisha zamani, wengine wakatoweka. Bensouda aliomba maandishi yao ya kwanza yapokewe badala ya maneno yao ya mwisho, akitegemea kanuni ya 68 iliyorekebishwa Novemba mwaka ule; majaji wa kesi walikubali, lakini Februari 2016 majaji wa rufani wakakataa, kwa hoja kuwa kanuni iliyobadilishwa baada ya kesi kuanza haiwezi kutumiwa kwa hasara ya mshitakiwa. Uamuzi ule uliwaumiza wengi, nami uliniuma. Hata hivyo ulikuwa sahihi, maana sheria inayogeuzwa katikati ya kesi ili mtu apatikane na hatia huwa haina tofauti na amri ya sultani.

Tarehe 5 Aprili 2016 kesi ikafungwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Jaji Robert Fremr aliona hapana kesi ya kujibu; Jaji Chile Eboe-Osuji aliona mwenendo wote umeharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi na kwa siasa; Jaji Olga Herrera Carbuccia akapinga kuifunga. Washitakiwa hawakuhukumiwa, nao daima walikana. Wala hawakupewa hukumu ya kuwa hawana hatia, kwa kuwa mlango wa kuwashitaki upya uliachwa wazi. Dhana ya usafi ni yao kisheria, na yeyote awaitaye wahalifu asema lisilothibitishwa. Novemba 2023 ofisi ya mashtaka ikatangaza kuufunga uchunguzi wake kuhusu Kenya.

Wakati shauri la wakubwa likififia The Hague, shauri jingine lisilopata hata robo ya kelele zile lilikuwa katika Mahakama Kuu ya Nairobi, limefunguliwa 2013 na watu wanane walionajisiwa wakati wa machafuko. Hawakumshitaki kiongozi, waliishitaki Serikali kwa kushindwa kuwalinda, na kwa kushindwa kuchunguza na kuwafikisha mahakamani waliowadhulumu. Mizani ya madai ya namna hii ni nyepesi kuliko ya jinai, na swali lake si nini kilikuwa moyoni mwa mkubwa, bali dola ilifanya nini na iliacha nini. Hukumu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, baada ya zaidi ya miaka saba. Mahakama iliona kuwa dola ilivunja haki za wanne katika wale wanane, na hao wakaamriwa kulipwa shilingi milioni nne kila mmoja.