Roboti Shambani (Sehemu ya Nne): Shokoa ya Zamani, Jina Jipya

Kamera na programu zinazoiongoza roboti zilikwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia, na kwa kuwa magazeti sasa yanazidi kusimulia mashine zinazochoma magugu kwa miale ya leza, inafaa kulichunguza jina lenyewe, roboti, ambalo hutamkwa kila siku pasipo kuulizwa lilikotoka. Lilienezwa na tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920, naye alishauriwa na nduguye Josef kulichota kutoka neno robota, yaani shokoa, kazi ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia mwenye ardhi.

Arua na Koboko, miji ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hazihitaji kamusi ya Kicheki kulielewa neno hilo. Baada ya eneo hilo kutolewa Sudan na kuunganishwa na Uganda mwaka 1914, kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu iliwasukuma wenyeji wake, Walugbara na Waaluri, kwenda kusini, wakalime pamba ya wengine na, viwanda vya sukari vilipoanza Lugazi mwaka 1924 na Kakira mwaka 1930, wakakate miwa. Wala haikuwa bahati mbaya, kwani mwaka 1925 serikali ya kikoloni iliweka wazi sera ya kutohimiza pamba wala zao jingine la biashara katika wilaya za pembezoni zilizotegemewa kutoa vibarua: mtu mwenye zao lake angekata miwa ya nani? Aliyeondoka aliacha jembe nyuma, na palizi ikawaelemea wanawake. Dhuluma hiyo hutajwa mara chache mno katika sifa za sukari ya Uganda.

Kuhusu roboti zenyewe, nyingi za palizi hutegemea mistari iliyonyooka na zao moja, ilhali katika shamba la Koboko muhogo, maharage na simsim, yaani ufuta, huweza kuchanganywa, na mche wa zao moja ukadhaniwa gugu katika jingine. Kilicho karibu zaidi na mkulima wa muhogo wa Afrika Mashariki ni Nuru, programu ya simu iliyoundwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, ambayo hulitazama jani kwa kamera, hata pasipo intaneti, na kutambua batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa mawili makuu ya muhogo; kuung'oa mche mgonjwa kumebaki kazi ya mikono ileile.