AKIBA HAIOZI: HABARI ZA VIPURI VYA MAGARI YA MOSHI MADOGO

Mtu aonapo gari la moshi lenye urefu wa shubiri moja likizunguka juu ya meza na kuvuta mabehewa yake, kwanza hucheka, kisha husema kwamba hicho ni kitu cha watoto. Lakini akiketi kwa saa moja karibu na mwenye gari hilo, atabadili mawazo yake. Katika nchi za Uingereza, Ujerumani na Marekani wako wazee waliostaafu, madaktari, makarani, na hata madereva wa treni za kweli, ambao jioni zao hupita katika kazi hiyo. Tena si kuchezea magari hayo kunakowachukua muda, bali kuyatengeneza.

Jambo linalowasumbua kuliko yote ni hili: kipande kimoja kikivunjika, na kiwanda kilichokifanya kimekwisha kufungwa, kingine kitapatikana wapi? Swali hili si geni kwa mkulima mwenye mashine kuukuu ya kumenyea kahawa, wala kwa mtu aliyerithi cherehani ya mama yake. Kwa hiyo namna wapenda reli ndogo wanavyolijibu yafaa kusikilizwa.

KARANI ALIYEJENGA KIWANDA

Frank Hornby alizaliwa Liverpool mwaka 1863, naye alikuwa karani wa hesabu katika duka la mfanya biashara wa nyama. Mwaka 1901 alijipatia hati ya serikali ya kulinda werevu wake, nao ulikuwa vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto aliweza kuviunganisha kwa parafujo na kujenga daraja au winchi. Vipande hivyo vikajulikana baadaye kwa jina la Meccano. Mwaka 1920 kiwanda chake kikaanza kutoa magari ya moshi yaendayo kwa kamani, kama saa. Hornby alifariki mwaka 1936, na mwaka 1938 kiwanda kikatoa magari madogo zaidi yaitwayo Hornby Dublo. Upana wa njia yake ni milimita 16 na nusu tu, na yale ya umeme hupata nguvu ya volti 12 kwa reli ya tatu iliyo katikati.

Lakini kiwanda nacho huzeeka. Mwaka 1964 kampuni ya Meccano ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Lines Bros, nayo Lines Bros ikaanguka mwaka 1971. Mwaka 1979 milango ya kiwanda cha Liverpool katika barabara ya Binns ikafungwa kabisa. Jina la Hornby lingali likitumika hata leo, lakini magari yatolewayo ni mengine. Yale ya zamani yamebaki katika masanduku ya watu, nayo yakiharibika hakuna tena mahali pa kuyarudisha.

MAHALI PA KUTAFUTA

Njia ya kwanza ni kununua gari bovu la namna ileile. Magari mawili yaliyokufa huweza kutoa moja lililo hai: hili likatoa magurudumu, na lile likatoa sumaku. Hata hivyo mafundi wenye busara huonya kwamba gari liwezalo kupona lisichinjwe kwa sababu ya parafujo moja, kwani kila lichinjwalo halitafanywa tena.

Njia ya pili ni karakana ndogo, nyingi zikiwa za mtu mmoja au wawili, ambazo hufanya upya vipande vilivyokwisha kusahauliwa: magurudumu, brashi za kaboni, kulabu za kuungia mabehewa, na ngazi ambazo huyeyushwa kwa madini laini na kumiminwa katika kalibu. Siku hizi iko pia mitambo ichapayo umbo la kitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikamilike. Mtambo huo hufaa sana kwa paa la behewa au kifuniko, lakini haufai kwa jino la gia lipokealo nguvu nyingi.

Njia ya tatu ni vyama na maonyesho. Chama cha London kiitwacho The Model Railway Club kilianzishwa mwaka 1910. Katika maonyesho ya vyama vya namna hii huwako meza zenye masanduku ya vipande vichafu vichafu, na mtu mwenye subira akipekua huweza kupata kwa senti chache kitu alichokitafuta miaka mingi.

Aandikaye barua ya kuagiza kipuri hana budi kuwa na adabu ya vipimo. Asiseme, "Nataka gurudumu la gari jekundu." Aandike jina la gari, mwaka kama aujua, upana wa gurudumu kwa milimita, unene wa ekseli, na idadi ya meno ya gia. Tena kile kilichovunjika asikitupe, maana kipande kibovu ndicho kielelezo bora cha kipande kizima.

UGONJWA KWANZA, DAWA BAADAYE

Watu wengi hununua vipuri wasivyovihitaji, kwa kuwa hawakuutafuta ugonjwa. Gari likisimama, wao hufungua injini mara moja, na huku kosa liko katika reli. Fundi mzuri huanza nje akaingia ndani. Hupangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, kisha huchukua taa ndogo ya volti 12 na kugusa reli kwa nyaya zake. Taa ikiwaka, umeme wafika. Isipowaka, kosa liko katika waya au katika maungio ya reli, wala injini haina hatia.

Baadaye huyatazama magurudumu, kwa kuwa uchafu mweusi unaoshika juu yake huzuia umeme. Kisha brashi za kaboni: zikiwa zimeisha, au springi zake zimelegea, gari hushtuka na kusimama. Hatimaye huja duara la shaba ambalo brashi hizo huligusa. Nafasi zilizo kati ya vipande vyake hujaa vumbi la kaboni, nazo husafishwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa kisu.

Mafuta hutiwa tone moja kwa ncha ya sindano. Injini nyingi zimeharibiwa kwa mafuta mengi kuliko kwa uhaba wa mafuta, maana yakizidi hutiririka mpaka kwenye brashi na kufanya tope.

Gari likianguka nje ya reli kila lifikapo mahali panapogawanyika njia, yafaa kupima nafasi iliyo kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa njia ya milimita 16 na nusu, magari mengi ya kisasa ya Kiingereza huwa na nafasi ya milimita 14 na nusu hivi. Ikipungua, magurudumu hupanda juu ya chuma cha njia panda. Kulikokota gurudumu kiasi cha nusu milimita ni kazi ya dakika tano, wala haigharimu hata senti.

Ugonjwa mwingine ni wa sumaku. Katika injini za zamani, mtu akikitoa kile kiini kinachozunguka bila kuweka kipande cha chuma mahali pake, sumaku hupungua nguvu. Gari likiwa na sumaku dhaifu hukimbia ovyo likiwa peke yake, likifungiwa mabehewa hushindwa, na injini hupata moto. Hapo hapahitajiwi sumaku mpya: ziko karakana zenye chombo cha kuirudishia nguvu ileile iliyokuwa nayo.

CHUMA KINACHOOZA

Methali husema kwamba akiba haiozi. Lakini iko akiba moja iozayo, nayo imewaliza wengi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilimimina vipande vingi kwa madini ya zinki yaliyochanganywa na mengine. Kama risasi kidogo tu iliingia katika mchanganyiko huo, madini yalianza kuvimba pole pole, yakapinda, yakapasuka, na mwisho yakawa kama mkate mkavu. Mtu hufungua sanduku lililofungwa miaka arobaini, na ndani akakuta vumbi na vigae.

Ugonjwa huu hauna dawa. Gundi haiushiki, wala rangi haiufichi kwa muda mrefu. La kufanya ni kukipima kipande mapema, kabla hakijapinda, ili kifanyiwe mfano katika madini mengine. Ndiyo sababu mafundi wenye akili huchora na kuandika vipimo vya magari yao yangali mazima. Akiba isiyooza si kile kipande, bali ni maarifa ya kukifanya.

RELI YA MOMBASA JUU YA MEZA

Mtu atakaye kuifanya reli ya zamani ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, hukutana na tatizo la namna yake. Upana wa reli ile ni mita moja. Kwa kipimo cha moja kwa themanini na saba, mita moja huwa milimita 11 na nusu, basi njia ya milimita 12 humfaa. Njia hiyo na magurudumu yake hupatikana, maana viwanda vya Ulaya huvifanya kwa ajili ya wapendao reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo zina upana wa mita moja. Hivyo ekseli iliyokusudiwa kupanda Alps huweza kubeba behewa la Nakuru.

Lakini injini kama zile kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizojengwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zataka kuchongwa kwa mkono. Mwenye kutaka vipimo vya kweli aweza kuitazama ile iitwayo Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi.

UAMINIFU WA FUNDI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la tabia. Gari lililotengenezwa kwa vipande vipya hufanana na lile lililotoka kiwandani, lakini bei zake si sawa. Wako wauzao la kwanza kwa bei ya la pili. Fundi mwaminifu huandika katika karatasi kila kipande alichokibadili na mwaka alioubadili, akaiweka karatasi hiyo chini ya gari ndani ya sanduku lake. Mnunuzi huisoma, na mjukuu atakayelirithi huisoma pia, akajua ni wapi pa kuanzia siku gari litakaposimama tena.

Kawaida hii yafaa kwa pampu ya maji, kwa baiskeli, na kwa kila mashine iliyo nyumbani. Aandikaye alichokitengeneza leo humpunguzia kazi atakayetengeneza kesho, na mara nyingi mtu huyo huwa ni yeye mwenyewe.