Mjumbe Anaporudi Kwao

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yaagiza Bunge la Taifa likutane tangu 15 Machi hata 15 Juni, tena tangu 15 Septemba hata 15 Desemba. Katikati, wajumbe wake 500 hupata nafasi ya kuwarudia waliowachagua. Likizo ya kiangazi ndiyo yenye thamani zaidi, kwani ifikapo 15 Septemba serikali yapaswa kuleta bungeni makadirio ya fedha ya mwaka ujao. Daraja letu lisipotajwa wakati huo, litatajwa lini? Kweli, Katiba hiyohiyo haituruhusu kumfunga mjumbe kwa amri zetu, maana yeye ni wa taifa zima. Lakini haikutuziba midomo. Basi ajapo, tumpeleke darajani kwanza. Ngoma zingoje.